Mafunzo ya wasaidizi wa darasani kwa wanafunzi wenye usonji

Mafunzo ya wasaidizi wa darasani ni maandalizi ya watu wanaomsaidia mwalimu kumhudumia mwanafunzi mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, uhusiano na hisi.

Nchini Kenya kitovu chake ni Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Vituo vya kutathmini watoto vilitangulia mwaka 1984 kwa ufadhili wa Denmark, na sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu ikasisitiza elimu jumuishi.

Msaidizi hufunzwa kupanga siku kwa picha, kugawa kazi katika hatua ndogo, kutambua kelele au mwanga unaomwelemea mtoto, na kumtuliza bila kumwadhibu. Kadi za picha za kuombea kitu zilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mtoto asiyesema humkabidhi mtu kadi, naye hupewa alichoomba. Lililo gumu zaidi ni kujua wakati wa kujiondoa: msaidizi anayejibu kila swali kwa niaba ya mtoto humnyima nafasi ya kujifunza.

Katika maeneo ya chai kama Kimulot, Kaunti ya Bomet, mafunzo hayana budi kuzingatia lugha. Watoto wengi huanza na Kipsigis nyumbani, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Kadi yenye picha ya kibuyu cha mursik (maziwa ya mgando) au kikapu cha majani ya chai humfikia mtoto upesi kuliko picha ya treni.