Kazi ya Mkono wa Kushoto

Ukiandika barua kwa kalamu, hebu utazame mkono wako wa kushoto. Hautulii. Unashika karatasi, unaisogeza juu kila mistari ikiongezeka, unaiinamisha kidogo ili wa kulia upate njia. Mtafiti Yves Guiard wa Marseille, Ufaransa, aliliona hilo akatafuta ushahidi: alitega karatasi ya kaboni chini ya ukurasa wa mtu anayeandika. Ukurasa ulijaa toka juu hadi chini, lakini alama zilizobaki mezani zilirundikana mahali padogo, mstari juu ya mstari. Kalamu ilikuwa imezunguka palepale; karatasi ndiyo iliyoletwa kwake.

Katika makala yake ya 1987, Guiard alieleza kuwa mikono haigawani kazi nusu kwa nusu. Kwa wengi wetu, wa kushoto hutangulia na kuandaa mahali, wa kulia hufuata na kufanya kazi ya usahihi. Anayeshona kofia kwa mkono hahitaji kufundishwa hilo.

Kompyuta ilikaribia kuuzingatia mgawanyo huo mapema. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha kipanya mbele ya hadhara, na wengi hukumbuka hicho tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibao cha vitufe vitano, ukitoa amri huku wa kulia ukielekeza. Kipanya kikaenea duniani, kibao kikaachwa. Mimi nahesabu hiyo kuwa hasara. Maana mwaka 1986, watafiti Bill Buxton na Brad Myers wa Toronto waliwapa watu umbo kwenye skrini la kusogeza kwa mkono mmoja na kulibadili ukubwa kwa mwingine. Hawakuwaambia wafanye yote kwa pamoja, lakini karibu wote walifanya hivyo.

Ikaja iPhone mwaka 2007. Kubana na kutanua picha kwa vidole viwili kulitushangaza, ila vidole hivyo vilikuwa vya mkono mmoja. Wa pili ulibaki mbebaji.

Ken Hinckley na wenzake wa Microsoft walirudi kwenye karatasi. Walitazama kwanza watu wakifanya kazi kwa daftari na vipande vya picha, kisha mwaka 2010 wakaonyesha walichobuni: kidole cha kushoto kinabana picha kwenye kioo, kalamu ikipita juu yake inakata kama wembe, ikiburutwa kutoka kwenye picha hiyo, inatoa nakala. Kidole kikiinuka, kalamu inarudi kuandika.

Kishikwambi cha kubebwa kilikuwa na ugumu wake, maana mkono unaobeba hauwezi kuachia. Julie Wagner, Stéphane Huot na Wendy Mackay, watafiti waliokuwa Ufaransa, walichunguza jinsi watu wanavyokishika, na mwaka 2012 wakaeleza waliyoyaona. Watu walikuwa na mishiko tofauti, na waliibadilisha wakichoka. Lakini mara nyingi kidole gumba kilikuwa tayari juu ya ukingo wa kioo. Wakaweka vitufe hapohapo.