Taswira ya Diski na Kugeuza Umbizo Lake

Mafundi wa kompyuta wana neno walitumialo kwa faili moja iliyobeba diski nzima, si yale yaliyoandikwa juu yake tu bali na mpangilio wake wote, tangu kipande cha kwanza hata cha mwisho, hata mwenye faili hiyo akaweza kuifufua diski ile ile ingawa yenyewe imekwisha kukwaruzika. Aghalabu huitwa “picha ya diski”, na hapo ndipo msomaji hupotea, kwani picha kwetu ni kitu cha kutazamwa, ilhali faili hii haina cha kutazamwa. Wengine husema “nakala”, nalo ni neno jema, ambalo katika Kiarabu asili yake ni kuchukua kitu kutoka mahali hata mahali; ila mtu aliyenakili faili kumi zilizomo katika diski naye ana nakala, wala hana diski. Mimi nashika “taswira”, kwa kuwa kusawiri ni kuitoa sura ya kitu kama kilivyo, pamoja na alama zake.

Taswira moja huweza kuvikwa maumbizo mbalimbali, yaani namna za kuzipanga baiti zake katika faili. Tuchukue mawili, BIN na ISO, hili la pili likiwa limepata jina kwa kanuni ya ISO 9660 ya mwaka 1988. Katika CD ya data ya kawaida kila kipande, yaani sekta, kina baiti 2,352: 12 za kulinganisha mwendo, 4 za anwani na aina ya sekta, 2,048 za data yenyewe, na 288 za mwisho ambazo nyingi katika hizo ni za kugundua makosa na kuyasahihisha. BIN huzichukua zote. ISO hushika zile 2,048 tu. Basi kuitoa ISO katika BIN si kuandika upya hata herufi moja, bali ni kuivua kila sekta baiti 16 za mbele na 288 za nyuma, mfano wa mtu afuaye nazi akatupa makumbi, na nazi ikabaki ile ile. Nimeitazama kwa macho yangu katika programu ionyeshayo baiti moja moja: herufi CD001, ambazo ndizo shahada ya kanuni ile, nilizikuta katika BIN kwenye baiti ya 37,649, nikihesabu toka sifuri, na katika ISO kwenye ya 32,769.

Kwa sababu hiyo nasema “kugeuza umbizo”, wala sisemi “kubadili taswira”, maana kubadili ni kuweka kitu badala ya kingine, na hapa hakuna kingine kilichowekwa. Na mtu aliyefuta BIN katika jina la faili akaandika ISO, huyo hakugeuza kitu, amebadili jina.

Lakini zingatia CD iliyochanganya data na nyimbo. Sekta ya wimbo baiti zake zote 2,352 ni sauti, haina makumbi ya kufuliwa, na ISO haina mahali pa kuiweka. Ukiigeuza CD hiyo kuwa ISO utapata data, na nyimbo zitakuwa zimeachwa nje. Hapo neno “kugeuza” silikubali tena, kwa kuwa huko ni kupunguza. Kwa CD za namna hiyo mimi huihifadhi BIN pamoja na ile faili ndogo ya CUE iorodheshayo nyimbo, na ISO, nikiihitaji, huitoa humo.