Makande ya shuleni Morogoro: Nani analipia sahani ya mchana?

Katika shule nyingi za msingi za Morogoro zinazotoa chakula cha mchana, kilichopo sufuriani ni makande: mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja tangu asubuhi. Siku nyingine ni ugali na maharage. Wadogo wa madarasa ya chini mara nyingi hupata uji.

Kwa nini makande?

Mahindi hayaendi mashineni, sufuria ni moja na mboga ya pembeni si lazima. Kilishe pia yanalipa: protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage ndiyo yanayouziba. Shida ni kuni, maana yanakaa jikoni saa nyingi. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda huo.

Nani analipa?

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliondoa ada, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Januari 2018, Rais John Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni.

Kwa hiyo chakula ni makubaliano. Wazazi wanakaa kikao na kupanga: madebe mangapi ya mahindi, kilo ngapi za maharage, na hela kidogo ya mpishi, chumvi na mafuta. Mtoto ambaye mzazi wake hajachanga hatakiwi kurudishwa nyumbani. Ila wengi wasipochanga, sufuria haiinjikwi kabisa, na watoto wote wanashinda njaa.

Milimani na mjini

Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, hulima kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoshuka kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Matombo na Kinole wana ndizi na viungo. Mzazi wa huko anaweza kuwa na shamba zuri na bado akalazimika kununua mahindi ya mchango.

Mjini, mtoto asiyepikiwa shuleni hupewa hela ya andazi au mihogo ya kukaanga. Tumbo linajaa, lishe bado.

Japani wanafanyaje?

Sheria yao ya mwaka 1954 inagawa mzigo: anayeendesha shule, mara nyingi halmashauri, hugharamia jiko na wapishi, mzazi hulipia chakula chenyewe. Maeneo mengi sasa yamefuta hata mchango huo wa mzazi. Wanafunzi hupakuliana wenyewe darasani: wali au mkate, supu, samaki au nyama, mboga na maziwa. Wote wanakula kitu kimoja.

Cha kuuliza kikaoni

Je, mchango lazima uwe mahindi tu? Mzazi wa Mgeta akileta karoti na kabichi badala ya debe analolinunua, makande yanapata vitamini na yeye anapata nafuu. Uliza pia kuhusu mtoto ambaye kwao hakuna cha kuleta: naye sahani yake ihesabiwe mapema, kabla sufuria haijainjikwa.