Mgongo wa Kadi

Mwenye kununua kadi ya zamani ya besiboli huitazama kwanza uso. Kisha, akiwa mjuzi wa kazi hiyo, huigeuza. Hapo ndipo bei inapoamuliwa. Kadi ya mwaka 1910, ambayo sura ya mchezaji ingali na rangi zake zote, pembe zake zingali kali na kingo zake zimenyooka, yaweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sababu tu nyuma yake karatasi imechunika, hata ikiwa pale palipochunika hapazidi ukubwa wa ukucha. Jambo hili huwashangaza wageni, nami naona wana haki ya kushangaa. Nani anunuaye picha kwa ajili ya mgongo wake? Lakini anayeifuatilia historia ya vijikaratasi hivi tangu asili yake atakuta kwamba mgongo haukuwa nyongeza. Aliyezilipia gharama za uchapaji aliufikiria mgongo kabla ya uso.

Besiboli, kwa msomaji asiyeijua, ni mchezo wa gongo na mpira, jamaa wa mbali wa kriketi, nao ulizitawala nyoyo za Wamarekani tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Wauza sigara waliiona fursa hiyo mapema. Pakiti za siku zile zilikuwa laini, zikipondeka mfukoni, na kipande cha karatasi ngumu kilichotiwa ndani kilizilinda sigara zisivunjike. Kipande hicho, kikichapwa picha ya mchezaji, kilifanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Kampuni ya Goodwin ya New York, iliyouza sigara za Old Judge, ilitoa kati ya 1887 na 1890 mamia kwa mamia ya picha halisi za wachezaji zilizogandishwa juu ya karatasi ngumu. Nyuma yake hapakuwa na kitu, ni weupe mtupu, na weupe huo, kama ilivyo tabia ya weupe wote, ulimwita kila mwenye kalamu.

Mwaka 1890 James Buchanan Duke aliziunganisha kampuni tano kubwa, Goodwin ikiwa mojawapo, zikawa American Tobacco Company. Ni kampuni hiyo iliyotoa, baina ya 1909 na 1911, mfululizo ambao wakusanyaji wanauita T206: zaidi ya kadi 500 tafauti, kila moja ikiwa na upana usiofika sentimita 4 na urefu usiofika 7. Uso una mchoro wa rangi. Mgongo una tangazo la sigara, na humo ndimo lilimo jambo lenyewe, kwani kampuni ilikuwa na chapa nyingi, na mchoro ule ule wa mchezaji yule yule ulipewa migongo mbalimbali: Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear, Sovereign, Old Mill, Tolstoi, Hindu, Uzit, Drum, Broad Leaf na nyenginezo, jumla yake 16. Nyingi kati ya hizo zilitaja pia nambari ya kiwanda na wilaya ya kodi kilimokuwamo. Kwa mtoto aliyeiokota, kadi ilikuwa ni mchezaji. Kwa kampuni, mchezaji alikuwa ni chambo na tangazo ndilo ndoana.

Migongo hiyo haikuchapwa kwa idadi sawa. Piedmont na Sweet Caporal zilitapakaa kila mahali. Drum na Uzit zilikuwa haba tangu siku ya kwanza. Haba kuliko karibu zote ni ule unaomtaja Ty Cobb mwenyewe kuwa ni mfalme wa tumbaku ya kuvuta. Uso wake ni picha ya Cobb juu ya usuli mwekundu, picha ambayo kwa mgongo wa Piedmont huonekana mara nyingi minadani. Mwaka 2016 ukoo mmoja wa kusini mwa Marekani, ukifukua vitu katika nyumba ya wazee wao, ulikuta ndani ya mfuko wa karatasi uliokunjamana kadi saba za Cobb zenye mgongo wa Cobb. Kabla ya siku hiyo zilizojulikana duniani zilikuwa kama 15 tu. Zile saba zilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa pamoja. Na msomaji azingatie: uso ni ule ule. Mfuko ule ungalikuwa na saba za Piedmont, habari ingaliishia mtaani.

Basi ikiwa mgongo ndio unaotambulisha kadi ilitoka pakiti gani, kiwanda gani na mwaka gani, kuchunika kwake ni sawa na hati iliyofutwa jina. Na ilichunikaje? Wengi hudhani ni kwa uzembe. Walakini sehemu kubwa ya madhara ya migongo yalisababishwa na mapenzi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kukusanya maana yake ilikuwa kubandika. Watoto na wakubwa walichukua unga wa ngano, wakaukoroga kwa maji, wakazigandisha kadi zao katika daftari au albamu, uso juu, mgongo kwenye giza. Waliokuwa wakiuza walilitazamia jambo hilo. Cracker Jack, bisi na njugu zilizovishwa sukari ya kuunguzwa, zilitiwa kadi ndani ya maboksi yake mwaka 1914 na 1915. Zile za 1914 zilikaa zikigusana na ile sukari, zikatoka na madoa. Mwaka wa pili kampuni iliwaruhusu wateja kuagiza kadi zote kwa posta, na ikawauzia hata albamu ya kuzitilia. Zile za 1915 hutambulikana mara moja kwa kuwa maandishi ya mgongo yamechapwa kichwa chini ukilinganisha na uso.

Miaka ilipopita, mjukuu akairithi albamu. Kadi zimekuwa na bei, naye anataka kuzitoa. Akizivuta, tabaka la nyuma hubaki kwenye ukurasa, na kadi hutoka na kovu jeupe katikati ya tangazo. Akiwa na subira huzilowesha katika maji safi, kwani gundi ya unga huyeyuka na wino wa siku zile ni mvumilivu, kisha huzikausha baina ya karatasi za kunyonya chini ya kitabu kizito. Wakusanyaji wengi hawaoni kosa katika maji, ilhali dawa za kemikali wanazichukia. Mpaka baina ya kusafisha na kughushi ndipo ulipopitishwa, kwenye bakuli la maji; sidhani kama yupo anayeweza kueleza vyema kwa nini upite hapo hasa.

Madhara mengine yana hadithi fupi zaidi. Goudey ya Boston ilipotoa kadi zake za chingamu mwaka 1933, mgongo uliandikwa wasifu mfupi wa mchezaji, na Topps, mwaka 1952, ikaongeza hesabu za mchezo. Mgongo ukawa kitabu cha mtoto: aliusoma, akapiga mistari kwa penseli, akasahihisha jina la timu mchezaji alipohama, akaandika jina lake ili rafiki asimwibie. Karatasi ya pakiti ilifungwa kwa nta na joto, na nta ikaacha mafuta juu ya kadi iliyokuwa ya mwisho. Kipande cha chingamu nacho kiliacha alama yake.

Kwa muda mrefu muuzaji na mnunuzi waliyasema haya kwa maneno: kadi nzuri, kadi ya wastani, mgongo una gundi. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake, na muuzaji siku zote aliona vizuri kuliko mnunuzi. Mwaka 1991 ilianza kampuni ya upimaji iitwayo PSA, ikafuatwa na nyingine, na neno likawa nambari. Kadi hupewa daraja kutoka 1 hadi 10, ikafungwa katika kasha gumu la plastiki lenye nambari hiyo kileleni. Jambo la kufikirisha ni namna nambari hiyo inavyougawa uadilifu wake baina ya pande mbili. Katika kupima kama chapa imekaa katikati ya karatasi, mgongo husamehewa: kwa daraja la 10, upande mmoja wa mgongo waweza kuchukua sehemu 75 za ukingo na wa pili 25, jambo ambalo kwa uso halikubaliki hata kidogo. Lakini karatasi ikichunika nyuma, msamaha huisha. Kadi ambayo kwa uso wake ingalistahiki 5 au 6 aghalabu hushuka hadi 2, au 1 na nusu, au 1. Mstari wa penseli nao huleta herufi za kuonya pembeni mwa nambari, au mwenyewe akizikataa, nambari yenyewe hushushwa.

Naiona mantiki yake. Karatasi iliyopotea hairudi, na nambari moja haiwezi kusema mambo mawili. Wakusanyaji wa stempu wanaujua ugonjwa huu: nao hulipa zaidi kwa stempu ambayo gundi yake ya nyuma haijaguswa, gundi ambayo wakishaibandika stempu katika albamu hawataiona tena. Ila kuna kasoro ambayo nambari huificha. Daraja la 1 hupewa kadi iliyokunjwa mara nne, ikatobolewa, ikafutika sura. Na hupewa pia kadi ambayo uso wake unameta na kosa lake pekee ni gundi ya mjomba fulani wa mwaka 1911. Anayenunua kwa nambari hawezi kuzitenganisha. Anayenunua kwa macho huzitenganisha mara moja, na kwa sababu hiyo limezuka kundi la wanunuzi wasio na fedha nyingi wanaozitafuta makusudi kadi za mgongo mbovu. Humpata Cobb au Christy Mathewson mwenye sura safi kwa sehemu ndogo ya bei, wakamtundika ukutani, na mgongo ukarudi ulikokuwa, gizani.

Wenye fedha nyingi nao wana vituko vyao, na kituko kikubwa ni cha Honus Wagner wa Pittsburgh. Kadi yake ya T206 ilisimamishwa mapema; wako wasemao hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wako wasemao alitaka alipwe. Zilizosalia ni kiasi cha 50 au 60. Moja kati ya hizo, yenye mgongo wa Piedmont, ilinunuliwa mwaka 1991 na Wayne Gretzky pamoja na Bruce McNall kwa dola 451,000, ikawa kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ikapewa 8, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo zake ili zionekane kali. Kukata ni kosa ambalo kwa kanuni huikosesha kadi daraja lolote. Nayo kadi ya Wagner iliyouzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 7.25 ilikuwa na daraja la 2. Kabla ya hapo, mwaka 2010, shirika la watawa wa Kikatoliki la School Sisters of Notre Dame, huko Baltimore, lilirithi Wagner aliyekatwa kingo tatu na kugandishwa ndani ya plastiki, na likapata kwake dola 220,000 kwa kazi zake za kheri. Uhaba ukizidi, mgongo na uso na kingo vyote husamehewa. Sheria kali ni kwa kadi za watu wa kawaida.

Ukali huo umezaa na wizi. Wapo wanaoubandua mgongo adimu kutoka kwa kadi iliyoharibika uso, wakaugandisha nyuma ya uso mzuri wa kadi nyingine. Mpimaji huitafuta hila hiyo ubavuni, anakagua kwa kioo kama tabaka za karatasi zina mshono.

Jina lenyewe la T206 lilitungwa na Jefferson Burdick, fundi wa kiwandani mjini Syracuse, ambaye orodha yake ya kadi ilitoka mara ya kwanza mwaka 1939. Hakuwa na mke wala mtoto, na ugonjwa wa viungo ulimla mikono. Tangu 1947 alianza kuikabidhi hazina yake kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York: vipande zaidi ya 300,000, kadi za besiboli zikiwa zaidi ya 30,000, na Wagner akiwa ndani yake. Sharti la jumba lilikuwa kwamba azipange mwenyewe. Kwa miaka 15 alifanya hivyo, akizibandika moja moja kwa gundi katika majalada, kwa vidole visivyokunjuka. Alimaliza Januari 1963, akaingia hospitali, na akafariki Machi mwaka ule ule.

Kadi zile zingali katika majalada yake. Hakuna kampuni iliyozipima, wala haziuzwi. Anayetaka kuziona huomba nafasi katika chumba cha michoro na chapa, na huwekewa jalada mezani likiwa limefunguliwa upande wa uso.