Kilichokufa ni Tanuru, Siyo Uhunzi

Shuleni tuliambiwa jembe la Mzungu liliua uhunzi wetu. Niliamini hivyo mpaka siku niliyokaa kwa mhunzi mmoja pale Ifakara, akinifulia mundu wa mpunga kwa springi ya lori bovu. Mvukuto wa ngozi ya mbuzi hana tena, anapuliza moto kwa feni inayozungushwa na rimu ya baiskeli.

Kumbe kazi zilikuwa mbili. Kuna kuyeyusha mawe yenye chuma: Wafipa walijenga matanuru marefu kuliko mtu, na Upareni ukoo wa Washana ulisifika kwa chuma. Hiyo ndiyo iliyokufa wakati wa ukoloni, majembe ya dukani yalipojaa. Lakini kuna kufua, ambako mtu anahitaji moto, nyundo, fuawe na chuma chochote. Magari yalipokuja, chuma chakavu kikaja nayo, na mhunzi akaacha kumtegemea mwenye tanuru.

Kwa hiyo tusiwazike walio hai. Nilimuuliza mzee nani atamrithi. Akacheka: “Mwanangu, mpunga ukiiva watanitafuta tu.”

Swali langu hakulijibu.