King Majuto na Historia ya Uigizaji Isiyoandikwa

Nyumbani kwetu Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, darasani tulisoma Kireno, lakini jioni katika banda la video tulicheka kwa Kiswahili. Diski zilivuka mto Ruvuma kutoka Mtwara, na tuliyemsubiri zaidi ni mzee wa Tanga, Amri Athumani, yaani King Majuto. Katika insha hii ninaeleza kwamba safari yake ya sanaa inaonyesha nguvu ya uigizaji wa Kiswahili na pia udhaifu wake.

Alizaliwa mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa bado mtoto. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ya jukwaani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vikundi vya sanaa vilizunguka na ngoma, sarakasi na vichekesho katika onyesho moja. Mara nyingi mchekeshaji alipewa kisa tu, maneno akayatunga papo hapo kwa kuwasikiliza watazamaji. Televisheni ilipoanza mwaka 1994, na filamu za video ziliposhamiri baada ya 2000, Majuto aliingia na ufundi huo. Ndiyo maana hata kwenye filamu anaonekana anazungumza, si kukariri.

Lakini ufundi usioandikwa una gharama. Ya kwanza ni malipo. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, ikiwemo yake. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Sisi wa Palma nasi tuna sehemu yetu: diski tulizotazama zilikuwa za kunakiliwa, na kiingilio tulichotoa kiliishia kwa mwenye banda.

Gharama ya pili ni kumbukumbu. Nchini Ufaransa, jumba la Comédie-Française limetunza daftari za maonyesho yake tangu karne ya 17; mwanafunzi anaweza kujua usiku fulani uliigizwa mchezo gani. Vichekesho vya ujana wa Majuto vimo vichwani mwa wazee waliovitazama. Hata diski hazidumu: Palma iliposhambuliwa Machi 2021 tulikimbia na nguo tulizovaa, zetu zikabaki.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na wazee hao, wa Tanga, Mtwara na kwetu, tuwarekodi wakisimulia walichokiona, kabla nao hawajaondoka.