African Jazz ao OK Jazz? Kambi ni ya mashabiki, muziki ni ya wote



Kuna swali moja lenye halikosekani pahali vijana wa Kongo wamekaa: nani mkubwa? Leo ni Fally ao Ferre. Mbele ya hapo ilikuwa JB ao Werra. Mbele tena, wazee wetu waliulizana: Franco ao Rochereau? Majina yanabadilika, swali linabaki. Wengine wanasema haya ni masolo ya bure, ni kupoteza wakati. Mimi ninasema mabishano haya yamebeba sehemu kubwa ya historia yetu, na mwenye kuyafuata tangu mwanzo atakuta jambo la kushangaza: karibu kila mara, wakati mashabiki walikuwa wanakatana maneno, wanamuziki wenyewe walikuwa wanavuka mpaka na kucheza pamoja.

Tuanze na mwanzo.

1. Shule mbili

Kisha vita ya pili ya dunia, wafanyabiashara Wagiriki walifungua studio za muziki mjini Léopoldville. Ngoma ilianza mwaka 1948, kisha zikakuja zingine kama Opika na Loningisa. Kila studio ilikuwa na wanamuziki wake, na kila moja ilitaka diski zake ziuzwe kuliko za jirani. Hapo hakukuwa bado albamu sawa tunavyojua leo. Diski ya mizunguko 78 ilikuwa na wimbo mmoja kila upande, basi watu walibishana wimbo kwa wimbo, kwenye baa, karibu na gramafoni.

Mwaka 1953 Joseph Kabasele, mwenye watu waliita Grand Kallé, alianzisha African Jazz, na walirekodi kwa Opika. Miaka mitatu kisha, tarehe 6 juni 1956, OK Jazz ilizaliwa ndani ya baa ya Oscar Kashama iliyoitwa OK Bar. Ndani yake mlikuwa kijana mmoja wa gitaa, François Luambo Makiadi, yaani Franco, na walirekodi kwa Loningisa. Unaona? Ushindani ulianza kama mambo ya biashara: duka hili na duka lile.

Lakini masikio ya watu yaligeuza biashara kuwa shule. African Jazz ilikuwa na sauti laini, mpangilio safi, harufu ya muziki ya Cuba, na gitaa ya Docteur Nico yenye kuimba sawa mtu. OK Jazz ilikuwa nzito zaidi: gitaa inarudilia pahali pamoja mpaka miguu inakubali yenyewe, na maneno yametoka barabarani, mambo ya bwana na bibi, deni, wivu, majirani. Shule ya kwanza ikaja kuitwa Fiesta, ya pili Odemba. Mpaka leo, mtu mwenye kujua rumba akisikiliza dakika moja tu anaweza kukuambia wimbo ule unatoka shule gani.

2. Bruxelles, 1960

Sasa tufike kwenye mwaka ambao kila Mkongomani anaujua. Tarehe 20 januari 1960 mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Bruxelles, ili Wabelgiji na viongozi wetu wazungumze juu ya uhuru. Kabasele alienda huko na wanamuziki, na huko ndiko wimbo Indépendance Cha Cha ulichezwa mara ya kwanza. Uhuru ulipangwa kwa tarehe 30 juni, na wimbo ulitaja vyama na viongozi wa siasa moja kwa moja. Ulisikilizwa Afrika karibu yote.

Shabiki wa African Jazz atakuambia: "Unaona? Ile ni wimbo yetu!" Ni kweli, jina lilikuwa African Jazz. Lakini angalia nani alikuwa ndani ya kundi la safari. Kulikuwa Kabasele, Nico, Dechaud, Roger Izeidi na Petit Pierre, wote wa African Jazz. Na pembeni yao? Vicky Longomba na Brazzos. Hawa wawili walitoka wapi? OK Jazz!

Tukae hapo kidogo. Wimbo ule ambao tunapiga kila mwaka siku ya uhuru ulitengenezwa na watu wa kambi mbili. Léopoldville watu walikuwa wanabishana nani ni nani, na wale wenye kubishaniwa walikuwa wamepanda ndege moja.

3. Wenye kuvuka mpaka

Kabasele hakubaki mfalme siku zote. Mwaka 1963 Nico na Rochereau walimwacha na kuunda African Fiesta. Na hiyo nayo haikukawia: Rochereau akaenda na African Fiesta National, Nico na African Fiesta Sukisa. Toka hapo swali likawa Franco ao Rochereau, na lilidumu zaidi ya miaka ishirini. Rochereau alipoimba Olympia ya Paris mwaka 1970, watu wake walipata hoja kubwa. Watu wa Franco walijibu kwamba mtu wa Olympia ni mmoja, lakini mtu wa kila nganda ni Franco.

Kisha kukatokea jambo la Sam Mangwana. Mwaka 1972 sauti hiyo, yenye kukomalia upande wa Rochereau, ilihamia kwa Franco. Mashabiki walikasirika kweli. Kwao ilikuwa usaliti, sawa mchezaji wa V.Club kuvaa jezi ya DCMP. Lakini tukisikiliza diski za wakati ule na utulivu, tunasikia nini? OK Jazz imepata utamu mpya. Kile mashabiki waliita usaliti, muziki iliita faida.

Na viongozi wenyewe? Mwezi wa tisa 1974, kwenye sherehe ya Zaïre 74 Kinshasa, Franco na Tabu Ley Rochereau walicheza kwenye jukwaa moja, siku zile James Brown na B.B. King walikuja. Mwaka 1983 walirekodi pamoja, na wimbo wao mmoja unaitwa Lisanga ya Banganga, ni kusema mkutano wa waganga, wa mafundi wenyewe. Na Franco alipokufa tarehe 12 oktoba 1989, nchi nzima iliomboleza siku nne. Hakuna aliyeulizwa kwenye mlango wa kilio: wewe ni wa kambi gani?

4. Wenge, na nchi yenye kukatwa

Kizazi kilichofuata kilizaliwa na vijana wa masomo. Zaiko Langa Langa ilianza tarehe 24 desemba 1969: ilipunguza mapulizo, ikaweka ngoma na gitaa mbele, na sebene ikawa ndefu. Zaiko ikapasuka mara nyingi, na kila mpasuko ulizaa orkestra: Isifi, Yoka Lokole, Viva la Musica ya Papa Wemba mwaka 1977, Langa Langa Stars, na mwaka 1988 Familia Dei. Hesabu mwenyewe: kama Zaiko haingepasuka, tungekosa muziki kiasi gani?

Lakini mpasuko wenye kuumiza wazazi wetu zaidi ni wa Wenge Musica. Orkestra hiyo ya vijana wa Kinshasa ilianza mwaka 1981, na kufikia miaka ya 1990 hakuna harusi iliyopita bila wao. Desemba 1997 ikavunjika: JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Maison Mère. Kisha zikakuja albamu mbili ambazo watu wanabishania mpaka leo: Titanic ya BCBG na Solola Bien ya Maison Mère, ya mwaka 1999. "JB njo sauti, bwana!" "Werra njo mfalme ya musitu, wewe hujue kitu!" Ndani ya nyumba moja, kaka hakusikilizana na dada. Kampuni za bia, Bralima na Bracongo, nazo ziliingia, kila moja na wanamuziki wake. Tena biashara, sawa wakati wa Opika na Loningisa.

Sasa ukumbuke ile ilikuwa wakati gani. Mwezi wa nane 1998 vita ilianza upya, na nchi ikakatwa. Goma, Bukavu na Kisangani zilikuwa chini ya waasi, Kinshasa chini ya serikali. Barabara zilifungwa, familia zilitengana. Lakini huku mashariki, pahali tunaongea Kiswahili na wengi hatukusikia Lingala vizuri, watu walicheza sebene ile ile na kubishana mabishano yale yale ya Bandal na Matonge. Wenye bunduki walikata nchi, lakini swali "JB ao Werra?" lilivuka mstari wa mbele bila kuomba ruhusa. Watu wenye kubishana juu ya kitu kimoja bado wako watu wa nyumba moja.

Tarehe 30 juni 2022, kisha miaka karibu ishirini na tano, JB, Werrason na wenzao walipanda tena pamoja jukwaani, kwenye Stade des Martyrs. Mashabiki wenye walikuwa wamekosana juu yao waliimba pamoja.

5. Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza ni uhai wa watu. Tarehe 29 oktoba mwaka ule ule, kwenye uwanja ule ule, watu 11 walikufa wakati wa konseri ya Fally Ipupa, uwanja umejaa kupita kiasi. Hakuna sebene yenye thamani ya roho moja. Mapenzi ya muziki yanahitaji milango yenye kufunguka na hesabu ya tikiti yenye kuheshimiwa, tena yanahitaji mashabiki wenye kukubali kurudi nyumbani kama pahali pamejaa.

La pili ni kumbukumbu yetu. Rumba ya Kongo iliandikwa kwa UNESCO desemba 2021, na tulifurahi. Lakini katika mabishano yetu yote tunazunguka Kinshasa tu. Nani kati yetu anamuweka Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke kwenye orodha? Mtu huyu wa Katanga aliimba kwa Kiswahili chetu, na gitaa yake ya vidole viwili ilirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, mbele ya African Jazz kuzaliwa. Wimbo wake Masanga unachunguzwa na wapiga gitaa wa ulaya mpaka leo, na mwaka 1969 alicheza kwenye tamasha ya Newport, Marekani. Alikuwa na mwenzake Edouard Masengo. Wanafunzi wa Lubumbashi wanapita barabara zilezile na wengi hawajui majina hayo. Kama sisi wenye kusoma hatuyataji, nani atayataja?

Basi tuendelee kubishana, ni haki yetu. Lakini tubishane sawa watu wenye wamesikiliza. Mwenye kuchagua Franco, asikilize Rochereau mpaka mwisho. Mwenye kuapa kwa Solola Bien, aweke Titanic kwenye masikio yake bila kuruka wimbo hata mmoja. Vicky Longomba na Sam Mangwana walivuka mpaka, muziki ikanenepa. Wewe mwenye kukaa na simu tu, nini inakuzuia kuvuka?

Na wazee wako, walikuwa kambi gani? Waulize wangali wako.